Ng'ombe Wako Anakula Kiasi Gani?



Sokoni Kariakoo mchele hupimwa kwa mizani. Je, majani anayokula ng'ombe wako, umewahi kuyapima?

Mimi naishi Upanga, jirani na Kariakoo. Miaka ya 1980 mishahara haikutosha, na watu wengi wa Dar es Salaam walifuga ng'ombe wa maziwa majumbani. Mimi nilikuwa na mmoja. Majani niliyanunua kwa mzigo. Nilitaka kujua kama fedha yangu inageuka maziwa au takataka.

Niliazima mizani ya kuning'iniza. Asubuhi nilipima majani mabichi, kilo 50. Kesho yake nilipima mabaki, kilo 12. Hamsini kutoa 12 ni 38. Kilo 38 ndizo alizokula. Mabaki yalikuwa mashina magumu. Nikaanza kuyakatakata majani kabla ya kumpa, na mabaki yakapungua.

Wewe uliye kijijini utasema, "Ng'ombe wangu hula porini. Nitapimaje?" Njia ipo. Kabla mifugo haijaingia malishoni, zungushia miiba kipande cha meta 1 kwa meta 1. Mifugo ikitoka, kata majani ya ndani. Kata pia ya nje, kipande cha ukubwa uleule. Yakaushe, kisha uyapime. Tofauti ndiyo iliyoliwa, pamoja na kidogo iliyokanyagwa. Pima sehemu kadhaa, maana majani hayalingani kila mahali.

Tuseme ndani umepata gramu 300, na nje gramu 150. Tofauti ni gramu 150. Hekta moja ina vipande 10,000 kama hicho. Basi zimeondoka kilo 1,500, na nusu imebaki ili majani yachipue tena. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kwa hiyo hekta hiyo inalisha ng'ombe 10 kwa siku 25.

Wasukuma tangu zamani hutenga ngitili, yaani malisho ya akiba ya kiangazi. Ngitili ni ghala, na mwenye ghala huhesabu magunia yake. Pima mapema, ndugu yangu. Majani yakiwa hayatoshi, utauza ng'ombe mmoja angali mnene. Ukingoja akonde, utauza mifupa.