Sungura na Ndizi Mbivu

Mashairi mengi niliyofundishwa katika shule ya msingi yameniponyoka. Yale yaliyohimiza usafi na bidii ya kazi yalikwenda na vumbi la chaki. Ya wanyama yamebaki, na hakuna lililoning'ang'ania kama lile la sungura aliyeziona ndizi mbivu, akaruka na kuruka asizifikie, kisha akaondoka akidai kuwa ni mbichi.

Asili ya kisa hiki ni ya mbali. Katika hekaya za Aesop wa Ugiriki ya kale, ni mbweha na zabibu. Jean de La Fontaine alikitungia shairi la Kifaransa, katika mkusanyiko wa mwaka 1668 aliomtunukia mwana wa mfalme Louis wa 14. Kwetu zabibu zimekuwa ndizi, na mbweha amekuwa sungura. Kubadili tunda si ajabu. Ukiiacha Dodoma, watoto wengi tulikuwa hatujawahi kuona zabibu. Uchokozi umo katika kubadili mnyama. Sungura wa ngano zetu humhadaa simba na kumcheza shere fisi. Leo mjanja huyo ameshindwa na mgomba! Tulicheka hadi machozi, na kwa kuwa vina na mizani vilikwisha kuingia ulimini, hatukuhitaji hata kukariri.

Tangu hapo nimekutana naye mara nyingi, akiwa amevaa suti. Mgombea aliyeuza shamba ili apate ubunge, akiisha kushindwa, hututangazia kwamba hata hakuwa akiutamani. Hakuna anayehangaika kumjibu kwa hoja. Mtu mmoja humtaja sungura, basi. Mwuza samaki, dereva na profesa hucheka pamoja.

Siku hizi nikimtaja sungura huyo katika ukumbi wa mihadhara, baadhi ya wanafunzi hucheka, wengine hutazamana. Hao wa pili ni wale waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea. Si wajinga hata kidogo. Kiingereza chao ni bora kuliko changu nilipokuwa na umri wao. Wazazi wao waliwalipia karo kubwa. Kesho baadhi yao watakuwa mawaziri na majaji, nami nalazimika kusimamisha mhadhara ili niwaeleze mzaha ambao mwuza samaki anaujua.