Mizigo ya chumbani, mizigo ya kichwani

Najua nimekuwa kimya, ila mitihani mnaijua wenyewe. Leo nataka tuongelee jambo ambalo kila anayeishi hosteli analo: mrundikano. Yaani vile vitu vya chini ya kitanda, juu ya kabati na nyuma ya mlango ambavyo kila siku unasema "wikiendi nitavipanga", halafu wikiendi inakuja inapita kama ahadi za wagombea wa serikali ya wanafunzi. Kwikwikwi!

Chumba chetu ni cha watu wawili. Juzi mimi na mwenzangu tuliamua kuhesabu kila kilichomo, bila kuoneana aibu. Ndoo 5. Madumu 3 ya lita 20. Chaja 6 za simu, wakati simu zenyewe ni 2. Viatu jozi 9, jozi 3 zimeota ukungu (unyevunyevu wa Dar hauna mchezo). Mifuko mbadala 31, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila ukienda dukani unarudi na mfuko mwingine. Halafu madesa, jamani madesa! Tulipoyapeleka kwa mangi kuyapima, mzani ulisoma kilo 14.

Kabla hujatucheka, sikiliza kwanza. Vitu hivi havikukaa pale kwa uvivu tu, kila kimoja kilikuwa na utetezi wake. Sisi wa ualimu tunafundishwa kufaragua zana. Vizibo vya soda ni vya kuhesabia, boksi ni la kutengenezea maumbo, chupa tupu ni maabara. Ukishasoma hivyo miaka miwili huwezi kupita karibu na boksi la viatu ukaliacha hivi hivi, unaliona somo zima la hisabati ndani yake. Na madumu je? Waliokuwa Dar Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua na mgawo wa maji ukaanza, wanajua kwamba siku zile mwenye madumu ndiye aliyekuwa tajiri.

Tena tabia hii tumeirithi. Bibi yangu hatupi kopo. Kopo la siagi linakuwa kipimo cha mchele, likichoka linakuwa la kuotesha miche, likitoboka linakuwa taa ya kuku. Ukimuuliza anakusimulia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni, sukari na nguo vilipokuwa adimu na watu wanapanga foleni bila kujua kama watafikiwa. Mtu aliyepita huko anaweka kitu kwa sababu aliwahi kukikosa. Akiba haiozi, ndivyo alivyotulea, na mimi sina ubavu wa kumwambia kwamba alitulea vibaya.

Ndiyo maana ushauri mwingi wa kupanga nyumba unanipita pembeni. Yupo dada wa Kijapani, Marie Kondo, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, na Januari 2019 akawa na kipindi Netflix. Anasema ushike kila kitu mkononi, ujiulize kama kinakupa furaha. Kama hakikupi, kishukuru, kisha kiache kiende. Namheshimu, kuna mengi nimejifunza kwake, hasa ile ya kukusanya nguo zote sehemu moja uone wingi wake. Lakini wadau, dumu la lita 20 halijawahi kunipa furaha hata siku moja, na siliachi! Mwenye uwezo wa kununua tena kesho anaweza kuachia kirahisi. Anayesubiri bumu anafikiria mara mbili, na ana haki.

Sasa kama vitu vina sababu, mbona vinatuchosha? Hapo nikakumbuka saikolojia ya elimu. Alikuwepo mwanasaikolojia aliyeitwa Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 alichapisha utafiti alioufanya Berlin. Aliwapa watu kazi ndogo ndogo, nyingine akawaacha wazimalize, nyingine akawakatisha katikati. Alipowauliza baadaye, walizikumbuka zaidi zile walizokatishwa. Watafiti waliokuja nyuma yake hawakupata matokeo yale yale kila mara, kwa hiyo siwauzii kama Msahafu. Ila nilipoangalia rundo la chini ya kitanda, nilielewa. Pale kuna sketi inayosubiri zipu. Kuna blauzi ya jirani aliyehama bila kuaga. Kuna chaja inayosubiri kujaribiwa kama bado inafanya kazi. Kila kimoja ni kazi iliyokatishwa katikati, na kila ukiinama kuchukua ndala kinakuuliza, "Na mimi je?" Ukiulizwa mara arobaini kwa siku, lazima uchoke, hata kama hujanyanyua kitu.

Basi tukaamua hivi: badala ya kuuliza kama kitu kinatupa furaha, tukauliza maswali matatu. Ni cha nani? Kitatumika lini? Kama si hapa, kinakwenda kwa nani? Hakuna kilichoruhusiwa kurudi chini ya kitanda bila jibu.

Madesa ya kozi tulizomaliza yalikwenda kwa mama anayeuza karanga pale kituoni. Jioni nilinunua karanga za mia mbili, nikafungiwa kwenye ukurasa wa falsafa ya elimu wenye mwandiko wangu pembeni. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Mihutasari ya masomo ya zamani tuliyokuwa tumerudufisha tuliipunguza pia, maana mitaala mipya ilianza kuingia kwa awamu Januari 2024 na mwalimu hawezi kubeba ya jana na ya leo yote mgongoni. Chupa za plastiki akachukua kaka anayeokota, anaziuza kwa kilo. Chaja mbovu akachukua fundi simu, anasema nyaya zake zina kazi. Sketi ikaenda kwa fundi siku hiyo hiyo, shilingi elfu moja, dakika kumi. Miezi saba ilikuwa inaninyima raha kwa kazi ya dakika kumi!

Nguo tulizifua na kuzipiga pasi kwanza, ndipo tukawaita wenzetu wachague. Hili mwenzangu ndiye alilisisitiza. Alisema kumpa mtu nguo chafu ni kumhamishia uchafu wako halafu unasubiri asante. Nimelishika hilo.

Mbili tatu zilibaki. Madumu yote 3 yapo. Vizibo vipo, vimehesabiwa 100 kamili na kufungwa kwenye kopo moja, tayari kwa mazoezi ya kufundisha. Kanga aliyonipa bibi ipo, na hiyo hata sikuiuliza swali.

Faida? Chumba tunakifagia kwa dakika tano. Mbu wamepungua, maana wanapenda kujificha kwenye nguo zilizoning'inia gizani. Kunguni nao hawana tena rundo la kukimbilia ukianza kuwasaka. Usingizi umekuwa mzuri. Matatizo mengine yako pale pale, kufagia hakulipi ada wala hakufuti sapu. Lakini nikikaa kusoma, nasoma.

Na kuna faida moja ambayo hatukuipanga. Wiki iliyofuata tuliletewa habari za binti wa mwaka wa kwanza, anatoka mkoani, hana kitanda, pesa ya kupanga mtaani hana, alikuwa analala leo kwa huyu kesho kwa yule huku akibeba begi lake kila asubuhi. Mambo ya kubebana mnayajua, na naomba msiniulize sheria za hosteli zinasemaje. Alipofika alisimama mlangoni akauliza taratibu, "Dada, begi langu niweke wapi?" Mwenzangu akamwonyesha kona. Kona ile ile iliyokuwa na maboksi na madesa kilo 14. Kigodoro chake kililala kati ya kitanda na meza, kikaenea barabara. Mwezi mmoja kabla tungemwambia "pole mdogo wangu, hakuna nafasi", na tungekuwa tunasema kweli kabisa, nafasi haikuwepo. Ilikuwa imekaliwa na chaja.

Tangu siku hiyo nikisikia watu wanasema utulivu wa nafsi, nafikiria ile kona. Akiba ya bibi ilikuwa hivyo hivyo ukiitazama vizuri: kopo lake la mchele halikukaa stoo, lilikuwa linapimia majirani. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya mtu ni akiba. Kilichowekwa kwa sababu hujaamua, hicho ndicho mzigo.

Haya, zamu yenu. Chini ya kitanda chako kuna nini? Anza na droo moja tu leo, usijiue. Mimi naenda kupika, leo tuko watatu na ugali ni zamu yangu. Na kama kuna mtu ana godoro la ziada linalosubiri "siku moja", siku yenyewe ndiyo hii, huyu mdogo wetu anakihisi kigodoro chake mpaka sakafuni.

Tuko pamoja.