Kalamu ya Mpingo

Akina mama wenzetu, mkifika Moshi msiishie sokoni. Sisi tuliingia karakana ndogo ya fundi anayekereza kalamu. Kijiti cha mpingo hutobolewa katikati, hupachikwa mrija wa shaba, kisha huzungushwa kwenye mashine huku patasi ikikipunguza hadi kienee vidoleni. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Tulimsihi fundi afunge kitambaa puani. Mti wenyewe hukomaa kwa miaka 70 au zaidi. Ndiyo maana mwaka 1996 marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa huku kwetu, na James Harris, mkerezaji kutoka Marekani, walianzisha mradi wa kuupanda. Tulinunua kalamu moja, tukaomba miche mitatu. Mpingo haupendi baridi ya mlimani, basi tuliipanda tambarare.