Mzee wa kanisa: Ni cheo au ni mzigo?

MSOMAJI mpendwa, umewahi kuona uchaguzi usio na mabango wala mikutano ya hadhara, ila minong'ono yake inaushinda ule wa ubunge? Kama wewe ni Mpresbiteri, bila shaka umekwisha kujua ninalolizungumzia. Ni uchaguzi wa mzee wa kanisa.

Katika mji wetu mdogo, Kaunti ya Kiambu, wilaya yetu inatarajiwa kumchagua mzee mpya hivi karibuni. Wilaya hapa si ya serikali, ni kundi la nyumba za majirani waumini walio chini ya uangalizi wa mzee mmoja. Tangu tangazo hilo lisomwe baada ya mahubiri, akina mama wanaulizana sokoni na wanaume wanaulizana kwa kinyozi. Kuna wanaosema achaguliwe bwana fulani kwa kuwa ana gari, na siku ya harambee si mkono birika. Wengine wanamtaka mama mmoja mjane mwenye kibanda cha mboga, kwa sababu hakuna nyumba iliyopata msiba ambayo hakuifikia kabla ya jua kutua.

Mimi nimelelewa katika kanisa hili, nikabatizwa nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kura moja ni yangu. Kwa hiyo naona heri tuzungumze kinagaubaga. Huyu mzee wa kanisa ni nani hasa, na kwa nini tujali ni nani anayeketi katika kiti hicho?

Jina lenyewe linasema

Neno Presbiteri linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Sisi hatuna askofu. Uskochi ilipokubali mageuzi ya dini mwaka wa 1560, akiwemo mhubiri John Knox aliyekuwa amejifunza kwa Calvin kule Geneva, wazo lililokuja kushika mizizi ni kwamba kanisa litaongozwa na mabaraza ya wazee na wahubiri wakiketi pamoja.

Kila parokia yetu ina baraza la wazee, ambalo wengi bado huliita kwa jina lake la Kiskochi, kirk session. Mhubiri ndiye msimamizi wa kikao, lakini hawezi kuamua peke yake. Juu ya baraza hilo kuna presbiteri, na juu kabisa kuna Mkutano Mkuu wa kanisa zima, ambao hukutana kila baada ya miaka mitatu. Mhubiri huletwa na kuhamishwa, leo yuko kwetu, kesho ametumwa kwingine. Mzee hahamishwi. Yeye ndiye anayejua ni nani aliyeacha kuja kanisani na kwa sababu gani.

Mpango huu haukubuniwa kwa ajili ya kurahisisha kazi ya ofisi tu. Umetokana na imani yenyewe. Tunaamini kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema ya Mungu wala si kwa matendo yake, na kwamba Biblia ndiyo yenye neno la mwisho. Tuna sakramenti mbili tu, ubatizo na Meza ya Bwana. Tunaamini pia kwamba hakuna mtu, awe mhubiri au muumini wa kiti cha nyuma, ambaye dhambi haijamgusa. Sasa basi, ikiwa hakuna aliye msafi kiasi hicho, ni nani anayefaa kupewa mamlaka yote mkononi mwake? Hakuna. Ndiyo sababu yakagawanywa miongoni mwa wengi wanaochungana.

Wakikuyu waliposikia habari za baraza la wazee hawakushangaa sana. Wao wenyewe walikuwa wakiamua mambo yao kwa kiama, yaani kikao cha wazee. Kigeni kilikuwa kitabu, wala si kikao.

Mbegu ya Thogoto

Ukitaka kuona mbegu ya haya yote, panda matatu Nairobi ushukie Kikuyu, mji mdogo ulio kilomita kama 20 hivi magharibi mwa jiji, kisha uulize njia ya Thogoto. Jina hilo ni ulimi wa Kikuyu ulipojaribu kuwataja Waskochi. Hapo pana Church of the Torch, kanisa la mawe lililokamilika mwaka wa 1933, na jirani yake pana Hospitali ya Kikuyu na shule ya Alliance iliyofunguliwa mwaka wa 1926.

Misheni hiyo haikuanzia hapo. Ilianzia Kibwezi mwaka wa 1891, lakini malaria ikawafyeka wamishonari, hata mwaka wa 1898 Thomas Watson akaihamishia Kikuyu. Walifika wakati mbaya. Njaa kuu ilikuwa inabisha mlangoni, na ndui ikaifuata. Watu walikufa njiani. Waliokuja misheni siku zile za kwanza wengi hawakufuata mahubiri, walifuata chakula. Watson mwenyewe alifariki mwaka wa 1900. Mkewe Minnie, bi arusi wa juzi, angeweza kufunga virago arudi kwao. Akabaki akifundisha watoto hadi mwaka wa 1931. Alipofariki Uskochi mwaka wa 1949, majivu yake yaliletwa Thogoto yakazikwa kando ya kaburi la mumewe.

Kanisa hilo dogo liliwahi kuzua kishindo kilichosikika hadi London. Mwezi wa Juni 1913, misheni mbalimbali za Kiprotestanti zilikutana Thogoto kujadili namna ya kushirikiana. Mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskochi, na wasio na maaskofu wakala mkate mmoja na walio nao. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Barua zikaruka baharini, na Askofu Mkuu wa Canterbury akalazimika kuingilia kati.

Kufikia 1920 Waafrika walikuwa wameanza kuketi katika baraza la wazee, na mwaka wa 1926 wahubiri wa kwanza Waafrika wakawekewa mikono, miongoni mwao Musa Gitau. Wazee wale hawakuwa mapambo. Kijana mmoja aliyesomea hapo Thogoto na kubatizwa Johnstone mwaka wa 1914 alioa kwa desturi ya Kikuyu mwaka wa 1920. Baraza likamtaka afunge ndoa mbele ya hakimu na aache pombe, na kwa muda akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Ndoa hiyo mbele ya hakimu ilifungwa Novemba 1922. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Fikiria, ndugu msomaji, ni mzee yupi wa kanisa leo anayeweza kumwambia mheshimiwa, "Ngoja kwanza, meza hii hutaigusa hadi utengeneze nyumba yako"?

Mwaka wa kirore

Lakini baraza lenye nguvu ya kurekebisha lina nguvu ya kuvunja pia. Katika ukoo wetu hakuna haja ya kulisoma hilo kitabuni.

Mwaka wa 1929 misheni, chini ya Dkt John Arthur, iliwataka waumini watangaze kwa saini au kwa alama ya dole gumba kwamba wameacha tohara ya wasichana na kwamba si wanachama wa Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikitetea ardhi iliyonyakuliwa. Alama hiyo ya kidole iliitwa kirore, na waliokubali nao wakabandikwa jina hilo. Kwa muda mfupi kanisa lilipoteza sehemu kubwa ya washiriki wake. Walioondoka walianzisha shule zao huru, na wengine makanisa yao.

Baba ya babu yangu alikataa kutia kidole. Dada yake alitia. Nyanya alitueleza kwamba ndugu hao wawili, waliotenganishwa na ua mmoja tu wa miti, walikaa miaka mingi bila kuombana moto. Hata mama yao alipofariki, mmoja alisimama upande huu wa kaburi na mwingine upande ule.

Je, ni nani aliyekuwa na haki? Kuhusu mwili wa msichana, naamini aliyetia kidole alikuwa na haki. Leo hiyo ni sheria ya nchi, iliyopitishwa na Bunge mwaka wa 2011. Lakini waliotoa amri ile walifunga mambo mawili katika furushi moja. Mtu aliambiwa kwamba ili amwokoe binti yake kisu, sharti kwanza akitupe chama kinachopigania shamba lake. Hakuulizwa wala hakuketishwa chini akasikizwa. Aliletewa karatasi na wino. Nao wasichana ambao miili yao ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa hawakuwa na kiti katika kikao chochote, si cha kanisa wala cha kiama. Kanisa letu lilimwekea mikono mwanamke wa kwanza kuwa mhubiri, Nyambura Njoroge, mwaka wa 1982. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Hilo ndilo fundisho ninalolichukua kutoka Thogoto. Baraza la wazee linaweza kuwa na ukweli mkononi na bado likawapoteza watu, likisahau kwamba kazi yake ya kwanza ni kuketi na kusikiliza.

Jitegemea

Mwaka wa 1956 kanisa la Waafrika na lile la walowezi Waskochi yaliungana, likawa Presbyterian Church of East Africa, na mwaka wa 1971 Katibu Mkuu wake, Mchungaji John Gatu, alishangaza wengi alipotoa wito kwamba wamishonari na fedha za kigeni visimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wito wetu ni neno moja, Jitegemea. Neno tamu hilo. Ukitaka kuona maana yake, njoo siku ya mavuno uone mkungu mmoja wa ndizi ukipigwa mnada mara tano, kila anayeununua akiurudisha uuzwe tena.

Hata hivyo tusidanganyane. Kuna njia mbili za kupata mabati ya kanisa. Moja ni hiyo ya ndizi, ambayo ni ya polepole. Nyingine ni kumwalika mwanasiasa, apewe kipaza sauti, na mabati yafike Jumatatu. Septemba 2021, uchaguzi mkuu ulipokaribia, kanisa letu lilijiunga na Wakatoliki na Waanglikana kuwakataza wanasiasa kufanyia kampeni madhabahuni. Agizo lilitoka juu, lakini anayesimama mlangoni Jumapili msafara wa magari makubwa unapoingia ni mzee wa kanisa. Ikiwa tulimchagua kwa sababu ya urafiki wake na wakubwa, tutamlaumu vipi akiwafungulia?

Namkumbuka mzee wetu wa wilaya wakati wa Korona. Machi 2020 makanisa yalipofungwa, hakukuwa na kwaya wala ngoma za Boys' Brigade. Yeye alikuwa na daftari la shule lenye majina yetu na simu ya vitufe. Kila Jumamosi jioni alimpigia mama yangu. "Mama, hamjambo huko? Dawa ya presha bado ipo?" Siku moja mama alijibu kwamba imekwisha. Jumatatu asubuhi mzee alisimama nje ya lango, barakoa usoni, akaning'iniza mfuko wa dawa kwenye komeo, akaomba akiwa pale pale barabarani na kwenda zake. Sikumbuki hata hubiri moja la mwaka ule. Mfuko ule naukumbuka.

Mzee huyo sasa amezeeka kweli kweli, magoti yamekataa, na kiti chake ndicho tunachotafutia mtu. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini hawakusema penye matajiri, wala hawakusema penye wasemaji. Sina ugomvi na bwana mwenye gari. Huenda naye akawa mlezi mwema, na gari lenyewe likabeba wagonjwa. Ninachokataa ni kwamba gari liwe ndilo sababu.

Basi ikiwa nawe una kura, iwe Kikuyu, Tumutumu, Chogoria au popote penye kanisa dogo la mtaa, usimwulize anayetaka uzee atatoa shilingi ngapi. Mwulize jambo moja, kwa heshima, "Mzee, wilaya yetu ina nyumba ngapi, na wiki hii ni nani mgonjwa?" Akianza kuhesabu kwa vidole, akitaja nyumba moja baada ya nyingine, huyo mpe.