Jiwe Jeusi Gizani

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Sikudhani kwamba uzeeni nitakaa kando ya kijana, tukibishana juu ya rangi ya mawe ya angani.

Mjukuu wangu ana mchezo wa kompyuta wa safari za angani. Ndani yake mna asteroidi, yaani yale mawe yanayolizunguka Jua kama sayari. Hakuridhika na sura yao. Akaifungua picha inayovikwa juu ya kila jiwe, kama foronya inavyovikwa mto, akaanza kuichora upya. Aliyapaka kijivu cha kung'aa, mithili ya chokaa.

"Umekosea," nikamwambia. Nikamweleza habari za Bennu, jiwe lililofikiwa na chombo cha Marekani OSIRIS-REx mwaka 2018. Ni jeusi kama makaa, nalo hurudisha kiasi cha asilimia 4 tu ya mwanga wa Jua. Vipande vyake vilivyoletwa duniani mwaka 2023 ni vyeusi vilevile.

Akanijibu kwa adabu: "Babu, nikilipaka jeusi, nani ataliona? Nyuma yake ni giza tupu."

Nikanyamaza, maana maneno kama hayo nilikwisha kuyasikia. Mwaka 1987, nikiwa mwalimu mkuu, niliingia darasani kumkagua mwalimu kijana. Alikuwa amefinyanga Jua kubwa kama boga na Dunia kama chungwa. Nilimwambia mbele ya wanafunzi kwamba zana yake ni ya uongo, kwa kuwa kipenyo cha Jua ni mara 109 ya kipenyo cha Dunia. Akasema kwamba kwa kipimo hicho Dunia ingekuwa punje, na mtoto wa dawati la nyuma asingeiona. Nikamwandikia ripoti mbaya. Nilisahau kwamba hata mimi, katika chuo cha ualimu, nilifundishwa kuwa zana isiyoonekana si zana.

Mwaka uliofuata aliacha kazi. Sisemi kwamba ni kwa sababu yangu, wala siwezi kusema kwamba si kwa sababu yangu.

Mjukuu wangu alipata njia ya tatu. Jiwe amelipaka jeusi kama nilivyotaka. Lakini kuna picha ya pili, inayoiambia kompyuta wapi pana bonde na wapi pana kilima. Hiyo ameitia makali, hivyo kingo za jiwe hushika mwanga na umbo lake huonekana. Ukweli haukupotea, na mchezaji haoni giza tupu.

Nami nilipaswa kumwelekeza yule kijana hivyo: boga libaki, kisha awaambie watoto kwa maneno kiasi kilichopunguzwa. Ingetosha sentensi moja. Ikiwa yu hai na kitabu hiki kimemfikia, ajue kwamba siku ile aliyestahili ripoti mbaya ni mkaguzi.