Picha 412 za Kilwa

Mtu wa Muleba hatishiki na maji. Ziwa Victoria tunaliona tukitoka shambani, tukienda sokoni, hata kanisani mlango ukiachwa wazi. Kwa hiyo nilipowaahidi wanafunzi wanne wa klabu yetu ya historia, Edwin, Asela, Kokushubira na Mugisha, kwamba tutaiona bahari, moyoni nilijisemea: ni ziwa lile lile, limetiwa chumvi. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Tulikuwa tunakwenda Kilwa, mji wa kale wa pwani niliokuwa nimeufundisha miaka sita mfululizo bila kuukanyaga.

Nauli tuliichanga mwaka mzima. Tuliuza ndizi, tukauza kahawa, na Novemba ilipoleta senene tukauza wa kukaanga kwa kopo. Wazazi wakamalizia. Likizo ya Juni ikatukuta stendi na zana mbili: simu yangu, na kishikwambi, mojawapo ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha tukagawiwa walimu. Niliwaambia, "Kila mtakachokiona, kiwekeni humo. Tukirudi tutafanya mradi na kuuwasilisha siku ya wazazi." Sikufafanua kukiweka namna gani. Kosa langu la kwanza ni hilo, na tulilitembeza njia nzima hadi Dar es Salaam.

Siku mbili za barabarani nazipita haraka, kama basi lilivyotupitisha. Siku ya tatu tulishika njia ya kusini. Kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, Edwin alijaribu kuhesabu nguzo huku gari likikimbia, akapoteza hesabu, akaanza kubishana na Asela. Mto Rufiji chini yake ulikuwa mpana hivi kwamba Kokushubira aliuliza kama ndiyo bahari yenyewe. Nangurukuru tukakunja kushoto, na jioni tukaingia Kilwa Masoko.

Bahari tuliiona kabla jua halijazama. Ilikuwa imejaa hadi karibu na minazi, ya buluu, imetulia. Tukachovya vidole, tukaonja, tukatema, tukacheka. Nikalala nimeridhika: ziwa, na chumvi yake.

Kesho yake, asubuhi ikielekea mchana, nilitoka peke yangu nikakuta maji hayapo.

Sijui niseme vipi. Pale tulipochovya vidole jana palikuwa na tope na mchanga, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Kina mama walikuwa mbali huko ndani, wameinama, wanaokota vitu kwenye ndoo. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kumetokea janga. Nilinyanyua simu nikapiga picha moja, mkono ukitetemeka, nusu ya picha ni kidole changu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akaniangalia. "Shikamoo, mzee. Maji yamekwenda wapi?" "Marahaba, mwanangu. Yamekupwa tu. Subiri, yatarudi." Aliongea kama mtu anayemzungumzia mkewe aliyekwenda kisimani.

Tulishalipa ada na kuchukua kibali kwenye ofisi ya mambo ya kale, na maji yaliporudi tukavuka na boti ya injini hadi Kilwa Kisiwani. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa kisiwa chenyewe, naye alituita wajukuu tangu tulipokanyaga mchanga. Alianza kutuonyesha Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya. Kisha Msikiti Mkuu. Nilikuwa nimeuchora ubaoni mara sita, na mara zote nilikuwa nimeuchora mdogo. Ukiingia, nguzo zinafuatana na matao yanafuatana, na juu yako kuba, kama uko ndani ya shamba la migomba ambalo mtu ameligeuza jiwe. Nilishika ukuta. Lile jiwe ni matumbawe, kitu kilichokuwa hai baharini, na ukikaribia unayaona matundu yake kama ya sega la nyuki.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya genge, inatazama bahari. Ni jumba la sultani la karne ya 14, vyumba zaidi ya mia, na katikati yake birika la pembe nane. Mugisha, ambaye baba yake anafuga, aliliangalia kwa muda. "Mwalimu, hili ndilo josho la sultani?" Mzee alicheka hadi akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Tulipiga picha. Tulirekodi sauti. Tuliandika. Usiku, kwenye nyumba ya wageni, nikafungua mavuno yetu: picha 412, sauti 23, na kurasa za maandishi ambazo hata mwandishi mwenyewe hakukumbuka aliziandikia wapi. Picha zote zilikuwa na namba badala ya majina, kama wafungwa. "Huu ni ukuta wa msikiti," alisema Asela. "Ni wa Husuni," alisema Edwin. Ukuta wenyewe ulinyamaza.

Za Mugisha peke yake zilijipanga. Kumbe kila alipofika kwenye jengo alianza kupiga picha ya kibao chenye jina, ndipo akapiga kuta. Mama yake, alisema, akipika huweka jani la mgomba kati ya tabaka na tabaka, ukifunua unajua umefika wapi. Nilikuwa na shahada ya ualimu na nilifundishwa jambo hilo na kijana wa kidato cha tatu aliyekaa kwenye kitanda cha chuma.

Tuliporudi nyumbani ndipo safari ya pili ilipoanza, ndani ya chumba cha kompyuta cha shule, chenye mashine nne na feni moja. Kwetu kahawa haitoki mtini kwenda sokoni. Inaanikwa, inapetwa, inachaguliwa, punje mbovu inatupwa. Nikawaambia tufanye vivyo hivyo. Jaribio la kwanza tulipanga folda kwa siku: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukapata mradi uliosema tuliamka, tukapanda boti, tukala samaki. Ulikuwa wa kweli wote, na haukuwa na maana yoyote.

Tukabomoa. Safari hii tukapanga folda kwa maswali. Nani waliujenga mji? Waliishi kwa biashara gani? Kwa nini ulififia? Na kila dondoo tukaiandika upya kwa mistari minne: nani kasema au tumeona wapi, lini, jambo lenyewe kwa maneno yetu, linajibu swali gani. Mstari wa nne ulikuwa mkali kuliko mimi. Dondoo nyingi zilizopendeza zilifika hapo zikakwama. Picha 412 zikawa 38.

Kisha dondoo zikaanza kugombana. Kwenye folda ya nani aliujenga mji, Kokushubira alikuwa ameweka maelezo ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake. Katika tafsiri tuliyoisoma, anasema majengo yake yote yalikuwa ya mbao. Chini yake Asela alikuwa ameweka picha kumi na moja za mawe. Katika daftari vitu hivi viwili vilikaa kurasa mbili mbalimbali bila kusumbuana. Vilipokutanishwa chini ya swali moja, vikakodoleana macho. "Mmoja wao kakosea," alisema Edwin. "Au," akasema Kokushubira, "mawe yalikuwa ya wakubwa, na watu wengine waliishi kama wanavyoishi leo pale kisiwani, kwenye miti, udongo na makuti." Aliandika kwamba hiyo ni dhana yetu, si habari tuliyopewa. Sikumwambia afanye hivyo.

Slaidi nazo zilitutoa jasho. Ya kwanza ya Edwin ilikuwa na mistari kumi na tisa. Nilimwuliza: mgeni akija kwenu, unamletea sufuria nzima mezani? Hapana, unampakulia. Tukakubaliana: picha moja, sentensi moja, mengine yatoke mdomoni.

Zikabaki picha za kufutwa. Asela alikuwa anapitia folda ya takataka akaikuta ile yangu ya maji yaliyokupwa: tope, mashua ubavuni, na kidole. "Hii nifute, Mwalimu?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo.

"Ngoja," alisema Mugisha. Alikuwa anasoma dondoo kutoka historia ya kale ya Kilwa, ile ninayoifundisha kila mwaka. Inasimulia kwamba mgeni kutoka Uajemi alikinunua kisiwa kwa mtawala wa bara kwa nguo za kukizungushia chote. Mtawala akajuta, akapanga kurudi na watu wake maji yakikupwa, wavuke kwa miguu. Mgeni akawahi kuchimba mkondo ili bahari isikauke tena. Wachimbuaji wa mambo ya kale hawaanzii hadithi hapo. Wao wanaona mji uliokua kutoka kwa watu wa pwani wenyewe. Hilo tulikuwa na folda yake. Lakini Mugisha alishika jambo dogo zaidi. "Mwalimu, mfalme alikuwa anasubiri hivi. Kama kwenye picha."

Miaka sita niliisimulia habari hiyo darasani bila kujiuliza mtu anavukaje bahari kwa miguu. Niliichukulia kama ngano. Mtu wa ziwa hajui kwamba maji huondoka.

Siku ya wazazi, projekta iliyoazimwa shule ya jirani iliwashwa, na slaidi ya kwanza haikuwa Msikiti Mkuu wala Husuni Kubwa. Ilikuwa tope, mashua, na kidole changu. Bibi mmoja mstari wa mbele akamwinamia mwenzake: "Hao watoto, bahari yenyewe iko wapi?"

Mugisha akamsikia. "Subiri, bibi," akasema. "Itarudi."