Kaptura ya Mtu Mzima

Liko swali dogo linalozua ubishi mkubwa kati ya Thika na Ruiru: je, yafaa mwanamume aliyetimiza umri atembee mbele ya watu katika suruali iliyokatwa magotini? Wazee wengi hujibu hapana kabla swali halijamalizika. Kaptura, husema, ni vazi la mtoto, na mvulana huliaga siku aingiapo shule ya sekondari. Ninyi wasomaji mnaikumbuka siku hiyo, na jinsi mlivyotembea kwa fahari ingawa suruali mpya iliburuta chini.

Hoja yao ina asili nzito. Zama za ukoloni askari Mwafrika wa King's African Rifles alivishwa kaptura, na mtumishi wa nyumbani, hata akiwa na wajukuu, aliitwa "boi". Kweli, mlowezi naye alivaa kaptura katika mashamba yake ya kahawa. Lakini aliivaa kwa hiari yake, na jioni akaivua. Mwaka 1964 Nelson Mandela, mtu wa miaka 45, alipofikishwa katika gereza la kisiwa cha Robben, alipewa kaptura kama Waafrika wenzake. Ahmed Kathrada, mdogo wake kwa miaka 11, alipewa suruali ndefu kwa kuwa alikuwa na asili ya Kihindi. Vazi lilikusudiwa kutangaza kwamba Mwafrika hakui.

Basi aibu haikuwa katika ufupi wa kitambaa, bali katika kunyimwa hiari. Huko Bermuda waungwana huenda ofisini na kaptura, soksi ndefu, koti na tai, wala hakuna awaitaye watoto.

Kwetu wako vijana wanaonunua suruali iliyokwisha kukatwa na kuchanwa, kwa bei ipitayo ile nzima. Hao nawaachia vioo vyao. Namfikiria mwashi ambaye suruali yake imetoboka kwa kupiga magoti kazini. Huikata, akaikunja upindo, akaivaa mwaka mwingine. Mmoja wa namna hiyo nilimwona akizuiwa na bawabu mlangoni pa ofisi moja ya umma, alikokwenda kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Alivua koti akalifunga kiunoni mfano wa shuka, akaomba tena, akakataliwa. Waliokuwa katika foleni, baadhi yao wakiwa na sare za shule, walicheka. Akaondoka bila cheti, na ujira wa siku ile umepotea.

Mimi sivai kaptura darasani, wala singethubutu kwenda nayo kwa wakwe au matangani, kwa maana mila ina haki yake. Lakini ofisi ya umma si ukweni. Wanafunzi wangu walipouliza kama mzazi mwenye kaptura angeruhusiwa katika mkutano wa wazazi, niliwaambia kwamba muhula huu ameingia mmoja mara mbili, na hapana aliyeuliza maswali mazuri kuliko yake juu ya somo la hesabu.